Siku Tatu Mlangoni kwa Moïse

Guildford, Sydney
14 Novemba 2021

Yaya Anésie, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Juvénal na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa umesimama kwa miguu yako miwili, na lile goti la kushoto halikusumbui tena unapopanda ngazi za Kadutu. Je, wale jamaa waliokimbia Goma volkano ilipolipuka wamesharudi kwao, au bado mnalala kumi katika vyumba viwili? Na dagaa zetu za sambaza zinapatikana mwaka huu? Huku tunauziwa zilizokauka, zimefungwa kwenye nailoni, zina bei ya nyama na ladha ya nailoni. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima. Nakuambia mapema ili usome yanayofuata bila moyo kukuruka.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua kama watu wa zamani na sisi tuna WhatsApp. Papa Libère wa kanisani kwetu amepata njia ya kurudi Bukavu kumwona mkewe, maana mipaka ilifunguliwa mwanzoni mwa mwezi huu, nikamwomba anibebee bahasha. Kwa simu nisingeweza. Sababu utaiona. Nakuomba jambo moja tu: usome hadi ufike kwenye jina langu, usiiache katikati.

Nianze na Bi Nuala, kwa kuwa bila yeye nisingekuwa na la kukuandikia. Nilipewa kazi ya kumhudumia mwezi wa nane, mji ukiwa umefungwa kwa ajili ya korona. Sisi wa upande huu wa magharibi tulibanwa kuliko wengine. Haturuhusiwi kupita kilomita tano, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa, wanajeshi wanabisha hodi kuona kama wagonjwa wamo ndani. Mimi nilikuwa na karatasi ya kazi, kwa hiyo kila asubuhi nilivaa barakoa na glavu nikaenda kumwogesha huyu bibi, kumpa dawa na kumchana nywele.

Ni Mwairishi, mjane, ana miaka themanini na sita. Alifika hapa kwa meli mwaka 1962 pamoja na mumewe, wakawekwa kwenye mabanda ya bati pale Villawood, ambako siku hizo kulikuwa hosteli ya wahamiaji, na leo ndiko wanakofungiwa watu wasio na karatasi. Mwili wake umebaki kama wa kuku aliyenyeshewa, lakini akili! Yaya, nilikuwa sijawahi kukutana na Mzungu anayejua mambo ya bibi zake kama sisi tunavyojua ya bibi zetu. Nilidhani Wazungu wote walizaliwa pamoja na umeme.

Aliniambia kwamba kwao kuna watu wanaoishi chini ya vilima, wasioonekana, na kwamba haifai kuwataja kwa jina lao, unasema tu "watu wema," usije ukawaudhi. Nikacheka, nikamwambia hata kwetu Bushi kuna majina ambayo Papa wetu hakuyatamka jua likishazama. Aliniambia kuna mti wa miiba unaoota peke yake katikati ya shamba, na mkulima wa kwao yuko radhi plau izunguke miaka yote kuliko kuukata. Aliniambia juu ya watoto wanne wa mfalme waliogeuzwa mabatamaji na mama wa kambo, wakaogelea miaka mia tisa katika maji ya baridi, na hawakupoteza kitu kimoja tu, nacho ni lugha yao. Alipofika hapo akanieleza kwamba bibi wa bibi yake alivalishwa kijiti shingoni shuleni, na kila alipoteleza akasema Kiairishi mwalimu alikichora mstari mmoja, na jioni mistari ikageuka viboko. Nikamwambia kwamba Papa naye aliwahi kuvalishwa kitu kama hicho kwa ajili ya kusema Mashi, lugha yetu. Tukatazamana juu ya barakoa zetu. Toka siku hiyo akaacha kuniita "mpenzi" kama wanavyowaita wahudumu wote, akaanza kuniita Lydie.

Kuna hadithi moja iliyoniharibia siku. Alisimulia kwamba zamani za wafalme wao palikuwa na hakimu aliyevaa pete ya dhahabu shingoni. Akihukumu kwa haki, pete inalegea hadi mabegani. Akisema uongo, inambana koo mpaka aseme kweli. Bi Nuala alisimulia huku anacheka, mimi namkata kucha, na mkasi ukaniponyoka hata akaniuliza kama nimekula.

Sasa nije kwetu. Unakumbuka mwezi wa saba Mama alipougua. Siku kumi na moja alikuwa lopitali na mashine ya hewa puani, na hatukuruhusiwa hata mmoja kumwona. Unakumbuka pia yaliyosemwa. Ghala la Smithfield analofanyia kazi kaka yetu Moïse lilikuwa na mgonjwa wiki ile ile, Mama anakaa kwa Moïse, basi kila mtu akajumlisha. Kanisani, kwenye ibada ya Zoom, walimwombea Mama, wakawaombea pia "wale wanaopenda saa za ziada kuliko wazazi wao." Jina halikutajwa, lakini nilimwona Moïse akizima kamera yake. Na wewe Yaya ulimpigia ukamwambia alimtoa Mama Bukavu ili aje kumwulia ugenini. Najua ulisema kwa uchungu. Hamjaongea tangu siku ile.

Mama alipotoka lopitali amekonda kama fimbo, Moïse alimrudisha kwake, akafunga mlango. Kwanza tulisema ni sheria. Tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi serikali ikafungua, waliochanjwa wakaruhusiwa kutembeleana. Nilienda siku hiyo hiyo, nina maembe na sabuni anayoipenda Mama. Moïse alisimama nyuma ya mlango wa wavu, hakuufungua. Akasema Mama amepumzika. Nikarudi Jumapili, Mama amepumzika. Nikarudi tena. Kwa simu aliniruhusu nimsikie, lakini kumwona, hapana. Nikaanza kulalamika kila mahali. Nilimlalamikia mchungaji, nikamlalamikia wifi Vanessa, nikakulalamikia wewe, na wewe ukaniambia huyo si ndugu tena, tumwachie Mungu.

Nikamlalamikia na Bi Nuala. Alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akanieleza juu ya sheria moja ya kale ya kwao. Mtu mnyonge akidhulumiwa na mwenye nguvu, na hana askari wala mkuki, alikwenda kuketi mlangoni mwa yule aliyemkosea, akafunga saumu. Hali chakula, hapigi kelele, hatukani. Mwenye nyumba, kama ni mtu wa heshima, hakuweza kula wakati mwenzake ana njaa kizingitini pake. Akila, amekwisha, hakuna atakayemwamini tena, awe mfalme awe nani. Ilimbidi atoke atoe haki, au aweke ahadi, au naye afunge. Alisema watakatifu wao waliwafungia wafalme, na kwamba Mtakatifu Patrisi mwenyewe alipanda mlima akamfungia Mungu siku arobaini kwa ajili ya watu wa Ireland, na Mungu akakubali.

Yaya, nilibaki na sponji mkononi. Watu waliokuwa hawana gereza walitunga sheria isiyohitaji gereza! Sheria inayomtegemea mkosaji kuwa na aibu! Nilifikiri juu ya kwetu, bunduki zote zile, na mtu akikudhulumu huna pa kwenda. Nikamwambia nitaifanya. Aliniuliza swali moja tu: dai langu ni safi? Nikamjibu upesi kwamba ni safi kama maji.

Nilichagua Jumamosi tarehe thelathini ya mwezi wa kumi. Bi Nuala alifurahi, kwa sababu mwaka wao wa kale unaishia hapo, na nyumbani kwao bibi yake hakukubali ugomvi uvuke siku hiyo. Asubuhi nilimtumia Moïse ujumbe wa sauti. Nilimweleza desturi yote, nikamwambia: "Ninakufungia mlangoni mpaka nimwone Mama. Mimi nitakunywa maji tu. Wewe kula ukitaka, lakini watu watajua." Kisha nikaenda na mkeka na chupa, nikaketi kwenye ngazi ya mbele.

Siku ya kwanza alichungulia kwenye pazia mara moja. Vanessa akatoka kuniambia kwamba Moïse anasema hapa si kanisani, nirudi nyumbani. Nikamwambia namsubiri Mama. Jirani yao, mzee mmoja Muashuri kutoka Iraki, alinitazama saa nzima kutoka bustanini kwake. Nadhani alifikiri nimefukuzwa na mume. Hakuuliza neno. Alizima bomba la kumwagilia ili maji yasinifikie, akanipitishia kiti juu ya ua, akarudi na mwavuli. Jioni nilikwenda kulala, maana sheria ya Bi Nuala ilitaka nikeshe pale lakini mgongo wangu ulikataa.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Sikwenda kanisani, nikaketi. Tumbo lilikuwa limeacha kunguruma, likawa linauma taratibu kama jino. Jioni watoto wa mtaa wakapita wamevaa sura za mifupa na za wachawi, wanaomba pipi nyumba kwa nyumba, na nikakumbuka Bi Nuala alisema hata hilo ni la kwao, la kuwachanganya wafu wanaozunguka usiku wa mwaka kuisha. Mmoja wao aliponiona nimekaa mikono mitupu aliniwekea pipi mapajani akaondoka. Nilicheka peke yangu hadi machozi.

Siku ya tatu, Jumatatu, Moïse alitoka alfajiri kwenda ghalani, akapita pembeni yangu bila kusalimu. Mchana Vanessa akatoka na sahani, ugali na sombe la majani ya muhogo, mvuke unapanda. Nikamwambia siwezi. Yaya, yule mwanamke mpole akaiweka sahani chini kwa nguvu hata mchuzi ukaruka. Akasema: "Basi nikupigie magoti? Na yule ndugu yako naye nimpigie magoti? Tangu Jumamosi hajatia kitu mdomoni. Nimepika, nimemwaga. Amekwenda kubeba maboksi na maji tu tumboni. Ninyi watoto wa Cirhuza mnataka niwazike wawili kwa wiki moja?"

Nilimwuliza ni nani anayekula basi ndani humo. Akasema Mama, tena vizuri, na kila saa anaomba kiti chake kisogezwe dirishani aone kama bado nipo.

Sikumbuki alivyoingia ndani. Niliketi pale na sahani inapoa miguuni, na ile pete ya hakimu ikanijia akilini. Moïse angeweza kula. Nani angemwona? Pazia limefungwa, mimi niko nje. Desturi yenyewe si yake, aliisikia kwenye simu kutoka kwa dada anayemtangaza vibaya mji mzima. Hata hivyo hakula. Nami nikakumbuka kwamba Bi Nuala alisema anayefungiwa akifunga naye, maana yake na yeye ana dai. Nilijua dai lake ni lipi. Nililijua kuliko mtu yeyote duniani.

Nilikuambia usome hadi mwisho. Tumefika.

Alhamisi ile ya mwezi wa saba, kabla Mama hajaugua, koo langu lilikuwa linawasha, nikaenda kupimwa. Mwuguzi akaniambia nikae nyumbani hadi ujumbe ufike. Ijumaa nilikwenda Smithfield, nyumbani kwa Moïse. Nilijiambia ni baridi tu ya Julai, na ni zamu yangu ya kumwosha Mama nywele. Nilimwosha, nikamsuka, uso wangu karibu na uso wake, na barakoa niliishusha kidevuni kwa sababu hanisikii nikiwa nimeivaa. Jumamosi asubuhi ujumbe ukaja: ninayo korona. Jumatano Mama akaanza kukohoa.

Watu wa afya waliponipigia niliwaambia kweli tupu, siku, saa na nyumba, kwa sababu niliogopa faini. Ninyi niliwaambia kwamba nilianza kuumwa baada ya kutoka kwa Moïse. Kwenu hapakuwa na faini. Na ulipompigia kumwita muuaji, mimi nilikuwa kwenye simu ile ile, nimenyamaza. Watu walinisifu kanisani, binti anayehudumia wazee wa watu huku mama yake anateswa na kaka. Nikapokea sifa. Ndugu yetu ndiye aliyebeba, Yaya. Si yeye aliyemletea Mama ugonjwa. Ni mimi.

Moïse alirudi saa kumi na moja jioni. Alishika nguzo ya geti kwanza, kama mtu anayeshuka melini, ndipo akaja. Nilisimama, nikasema: "Moïse, ni mimi niliyemletea Mama." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi lakini yalitoka hayo tu. Akaketi kwenye ngazi. Akasema, "Najua." Watu wa afya walikuwa wamempigia na yeye wakamwuliza nani aliyeingia Ijumaa. Na alikuwa amehesabu siku: yeye alianza kuumwa baada ya Mama, siyo kabla.

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, miezi yote ile. Akaniambia, na hapa nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Ningesema, Mama angesikia. Yuko kitandani, anapumua kwa mashine, halafu asikie ni mkono uliomsuka? Nikaona heri nisemwe mimi. Lakini kila nilipokuona unakuja na maembe yako, ulimi uliniwasha. Nikafunga mlango ili nisiseme."

Kumbe mlango ule niliouketia siku tatu, nikidai haki yangu, alikuwa ameufunga kwa ajili yangu.

Nililia kwa sauti, yule mzee Muashuri akaja hadi kwenye ua kuona kama kuna msiba. Moïse akamwambia kwa Kiingereza kwamba ni mambo ya familia, yamekwisha, akamshukuru kwa kiti. Kisha akanishika kiwiko tukaingia. Vanessa alitupa uji kwanza, akasema anayeshindia maji hapewi ugali. Mama alinipapasa uso wote kwa vidole vyake, akasema nimekonda, nikachekwa na watu wote.

Mama tulimwambia Jumatano, sisi wawili. Akasema la kwake amelisamehe, limebaki la Moïse, na hilo haliko Smithfield, liko Bukavu. Ndiyo sababu ya barua hii. Moïse ndiye aliyesema niandike, kwa kuwa kwa simu ningelia, na wewe ungenibembeleza kabla sijamaliza. Kanisani nilisimama Jumapili iliyopita nikasema mbele ya wote. Wapo wasionisalimu sasa. Ni haki yao.

Bi Nuala pia nilimwambia, nikidhani atafurahi kwamba sheria ya kwao ilifanya kazi. Alikasirika vibaya. Alisema nimeketi juu ya desturi ya mababu zake na nguo chafu, na siku mbili hakunisimulia kitu, nilimwogesha kimya kimya. Siku ya tatu akauliza, akitazama ukutani, kama kweli yule kijana alifunga bila mtu kumwona. Nikamwambia ndiyo, siku tatu, na siku moja akiwa kazini. Akasema kwa Kiairishi neno nisilolijua, kisha akanitafsiria: huyo ni mtu wa kizazi cha wafalme. Anataka kumwona. Jumamosi Moïse atakwenda kumkatia nyasi.

Yaya, sikuombi unisamehe leo. Nakuomba umpigie Moïse. Hurudi nyumbani saa kumi na moja, kwenu huko ni asubuhi saa mbili. Asipopokea mara ya kwanza usikate tamaa, atakuwa anatafuta pa kuketi.

Mama anakusalimu, anasema uvae sweta. Vanessa na watoto wanakusalimu, watoto kwa Kiingereza, lakini moyoni ni Kiswahili. Nisalimie shemeji, nisalimie shangazi Fébronie, na yeyote atakayeuliza habari zangu mweleze kama zilivyo, usizipambe. Na hasira yako ikija, maana najua inakuja, usimgawie mtu mwingine hata kidogo. Ilete yote huku. Anwani yangu nimeiandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa.

Mdogo wako,
Lydie M'Cirhuza